Mtoto Hurithi Adui Kabla ya Hoja

Msimu wa kampeni ukifika, simama karibu na shule yoyote ya msingi ya Mbagala, Dar es Salaam, wakati wa mapumziko. Utawasikia watoto wakirushiana maneno ambayo hawakuyatunga wao. Mmoja anamwita mwenzake chawa, yaani mpambe wa watawala, mwenzake anamjibu kwa kumwita nyumbu, yaani mpinzani anayefuata kundi tu. Wa darasa la tatu ananyoosha vidole viwili juu, alama ya CHADEMA, wa darasa la nne anamwambia ashushe, kwao hawataki mambo hayo. Waulize kwa nini chama wanachokitetea ni bora, wengi watabaki wanakutazama. Waulize nani mbaya, watakujibu kabla hujamaliza swali.

Mtoto hupokea siasa kuanzia mkiani. Kwanza anamjua wa kumchukia, kisha anajua jina la chama na rangi yake, na sababu huja mwisho, ikija. Sisi wazazi na walezi tunaweza kuugeuza mpangilio huo. Kumkinga mtoto asisikie siasa haiwezekani katika mtaa wenye magari ya matangazo, vijiwe vya kahawa na simu kila kona. Kumlazimisha afuate chama chetu hakumsaidii yeye wala nchi. Tunachoweza ni kumpa sababu kabla ya kumpa adui, na kumzoesha kubishana na mtu ambaye kesho atacheza naye.

Siasa anaipata wapi

Chanzo cha kwanza ni sisi, hata kama hatujawahi kukaa naye kumfundisha. Nyumba nyingi za huku ni za vyumba vya kupanga: korido moja, uani mmoja, bomba moja. Saa mbili usiku taarifa ya habari inasikika chumba hadi chumba. Mtoto yuko mkekani anamalizia hesabu alizopewa shuleni, na mzazi anadhani hasikilizi. Waziri anatokea kwenye runinga, baba anasonya. Kiongozi wa upinzani anatajwa, mama anaguna, "Na huyu naye!" Hakuna hoja iliyotolewa hapo, lakini mtoto ameshajua yupi wa kusonywa na yupi wa kugunwa. Yakijirudia hayo mwaka mzima, anakuwa na msimamo wa kisiasa bila kusikia sababu hata moja.

Chanzo cha pili ni kumbukumbu za ukoo. Barabara ya Kilwa imewaleta Mbagala watu wa Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara, wakachanganyika na Wazaramo waliowakuta na wengine waliohamia kutoka kila pembe ya nchi. Kila ukoo umekuja na masimulizi yake. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, watu wa Mtwara waliandamana kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Kulitokea vurugu na watu wakafa. Mtoto ambaye bibi yake alikuwa Mtwara wakati ule amekua akisikia habari za watu walioona utajiri wao unapita mbele ya milango yao kwenda kwa wengine. Anayekaa naye dawati moja amesikia kwao kwamba gesi ni ya Watanzania wote na kwamba bila bomba umeme wa jiji ungekuwa wa mashaka. Wote wawili wanasema walichosikia kwa watu wanaowaamini.

Vivyo hivyo kwa milipuko ya ghala la silaha la jeshi hapa hapa Mbagala, Aprili 29, 2009. Familia zilizokimbia siku ile, zikapoteza ndugu au nyumba, zina neno lao kuhusu serikali, msaada na fidia. Familia zilizohamia baadaye hazina neno hilo. Watoto wa pande zote mbili wamezaliwa baada ya tukio, na bado wanaweza kubishana juu yake kana kwamba walikuwepo.

Watafiti wameliona jambo hili mbali na hapa. Mwaka 1965, M. Kent Jennings na Richard Niemi waliwahoji wanafunzi zaidi ya 1,600 wa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani, pamoja na wazazi wao, na mwaka 1968 wakachapisha walichokiona. Jina la chama lilikuwa limehama vizuri kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Maoni kuhusu mambo yenyewe, yaani nini kifanywe na kwa nini, yalikuwa yamehama kwa shida. Marekani ya mwaka 1965 si Mbagala ya leo, lakini mzazi wa huku ataitambua hali hiyo nyumbani kwake: chama kinarithiwa, sababu zake hazirithiwi.

Mwaka 2014 mtafiti mwingine, Elias Dinas, aliongeza jambo la kuwatafakarisha wazazi wenye sauti kubwa. Alionyesha kwamba watoto waliokulia kwa wazazi wenye kuzungumza siasa sana ndio wanaoshika zaidi chama cha nyumbani wakiwa bado wadogo, na hao hao ndio wepesi wa kukiacha wakishatoka nyumbani na kukutana na mawazo mengine. Anayedhani kwamba kwa kulisema jambo kila siku amelipanda kwa mwanawe milele anajidanganya. Kinachodumu ni namna mtoto alivyozoezwa kufikiri.

Wanasiasa huhama, urafiki huvunjika

Sisi wa wilaya ya Temeke, Mbagala ikiwemo, tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu, maana tumewaona wakubwa wakihama mbele ya macho yetu. Augustino Mrema alikuwa waziri katika serikali ya CCM kabla ya kuhamia NCCR-Mageuzi mwaka 1995. Mwaka 1996 wana Temeke wakamchagua kuwa mbunge wao kupitia chama hicho, na mwaka 1999 akaenda TLP. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alitoka CCM kwenda CHADEMA Julai 2015 akagombea urais, na Machi 2019 akarudi CCM. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa kampeni alikuwa darasa la tano Lowassa aliporudi alikotoka. Kama mtoto huyo aliacha kuongea na rafiki yake kwa sababu ya kampeni zile, mgombea alisharudi kwa wenzake wa zamani wakati watoto wawili bado wamenuniana.

Simsemi vibaya aliyehama. Mtu mzima ana haki ya kubadili mawazo. Nasema tuwaeleze watoto habari hizi waziwazi, kwa majina na miaka, ili wajue kwamba mwanasiasa ni mtu mwenye safari yake, na kwamba jirani na rafiki wa darasani hawafai kutolewa sadaka kwa ajili ya safari hiyo.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliyalipia haya kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ushindani wa CCM na CUF ulifika mahali watu wa kijiji kimoja wakasusiana maduka, sherehe na hata mazishi. Watoto waliokulia humo walijua duka lipi ni letu na lipi ni lao kabla ya kujua kusoma. Ilibidi wakubwa wakae pamoja, Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad mwaka 2009, na wananchi wapige kura ya maoni Julai 2010, ndipo serikali ya umoja wa kitaifa ikaundwa. Kususia ni rahisi kukufundisha nyumbani. Kuiondoa tabia hiyo ilibidi nchi nzima ihangaike.

Nguvu ya wenzake shuleni

Mtoto akikaribia miaka 10 au 11, sauti ya wenzake huanza kushindana na yetu. Shule za Mbagala zina msongamano mkubwa na nyingine huwagawa wanafunzi kwa zamu za asubuhi na mchana. Watoto hukaa pamoja darasani, kwenye mchezo, njiani, na kituoni wakisubiri daladala ambalo konda wake hataki kupakia wanafunzi. Humo ndimo maneno ya nyumbani yanamopimwa. Neno likichekesha kundi, linabaki. Likimletea aibu, analiacha hata kama alilitoa kwa baba.

Mzazi akumbuke kwamba kitu ambacho mtoto wa umri huo anakiogopa kuliko vyote ni kuachwa peke yake. Maoni mengi anayorudi nayo kutoka shuleni ni ada anayolipa ili aendelee kuwa mwenzao. Huenda hata hayaamini. Kwa hiyo akikuletea sentensi kali kuhusu rais, kuhusu chama au kuhusu watu wa dini fulani, usidhani tayari ni msimamo wake. Mara nyingi ameileta nyumbani aone wewe utasemaje.

Waliosoma miaka ya 1980 wanaijua nguvu ya kundi. Alfajiri walikimbia mchakamchaka wakiimba nyimbo za kumlaani Idi Amin, na wengi wao walikuwa wadogo mno kuikumbuka vita ya 1978 na 1979, au hawakuwa wamezaliwa. Mamia wakiimba, nawe unaimba. Nguvu hiyo hiyo ina upande wake mwema. Mwanauchumi Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, akachapisha mwaka 2004. Kule Busia, mahali penye mchanganyiko wa makabila palishindwa kuchangia shule vizuri. Meatu mchanganyiko haukuleta udhaifu huo. Alieleza tofauti hiyo kwa sera za kujenga taifa za upande wetu, Kiswahili na mafunzo ya shuleni yakiwa miongoni mwake. Kwa hiyo wenzake wa darasani wanaweza kumfunza mtoto kubagua, na wanaweza kumfunza kwamba mchango wa dawati hauulizi kabila.

Yaliyotupata mwaka 2012

Kuna tukio ambalo kila mzazi wa Mbagala anapaswa kulijua, hata aliyehamia jana. Oktoba 2012, watoto wawili wa huku, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, walibishana kuhusu dini, na ubishani ukaishia kwenye kitendo cha kuinajisi Kurani. Mtoto aliyefanya hivyo alishikiliwa polisi. Ijumaa ya Oktoba 12 umati ulikusanyika ukitaka ukabidhiwe mtoto, polisi wakatumia mabomu ya machozi, na makanisa kadhaa ya Mbagala yakavunjwa na kuchomwa.

Lile lilikuwa jambo la dini, chama hakikuwemo, lakini njia ni ile ile. Maneno ya kupima imani ya mwenzako mtoto hayatungi peke yake. Huyaokota kwenye mazungumzo ya wakubwa, akayapeleka mchezoni bila kujua uzito wake. Na watoto wakishakosana, kuna wakati mfupi ambapo mkubwa mmoja mwenye busara anaweza kuwaita wote wawili, wazazi wao, sheikh na mchungaji, jambo likaishia barazani. Wakati huo ukipita, ugomvi si wa watoto tena.

Tujifunze mawili hapo. Tuchunge ulimi wetu kuhusu imani na vyama vya majirani, hasa tunapodhani tuko wenyewe. Na mtoto akigombana kwa sababu ya siasa au dini, twende siku hiyo hiyo kwa mzazi mwenzetu, tukiwa na salamu kabla ya lawama: "Shikamoo mama, watoto wetu wamekwaruzana, nimeona tulimalize sisi wenyewe."

La kufanya nyumbani

Anza kwa kutaja jambo kabla ya kumtaja mtu. Ukisema mbele ya mtoto, "Hawa wote ni wezi," umempa adui na hujampa hoja. Sema, "Diwani alituahidi mtaro. Mvua za masika zimepita, maji yameingia ndani, na mtaro haujachimbwa. Ndiyo maana simuungi mkono." Mtoto ameyaona maji hayo, ameyavuka kwenda shule. Sasa ana kitu cha kukipima. Akisikia kesho mtu mwingine akisema fedha za mtaro zilipelekwa kwenye zahanati, anaweza kuuliza: je, ni kweli? Hata unapomsifu kiongozi, fanya hivyo hivyo. Taja alichofanya, mwaka gani, kilimsaidia nani.

Pili, muulize kabla ya kumsahihisha. Akirudi na neno, usimrukie. Muulize amelisikia wapi, aliyelisema alitoa sababu gani, na mtu wa upande wa pili angejibu nini. Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa, kwa sababu linamlazimu kukaa kwa muda kwenye nafasi ya mwenzake. Mtoto wa miaka 9 anaweza kulijibu vizuri akizoeshwa. Mzazi naye awe tayari kuulizwa hivyo hivyo.

Tatu, nyumba nyingi tayari zina mazoezi ya kutosha ya kutofautiana bila uadui. Baba ni Yanga, mtoto wa kwanza ni Simba, mechi wanaangalia chumba kimoja, wanataniana hadi usiku, asubuhi wanakunywa chai pamoja. Hakuna anayemnyima mwenzake chakula. Ulezi huo uhamishe kwenye siasa, kwa tofauti moja: timu mtu huipenda bila sababu, chama ni lazima kidaiwe sababu.

Nne, usimtwike mtoto siri za kisiasa. Wazazi wengi husema la moyoni kisha humgeukia mtoto: "Ole wako ulirudie nje." Umempa mzigo wa mtu mzima. Akiteleza, atadhani ameiponza familia. Asipoteleza, atajifunza kwamba ukweli ni kitu cha kunong'onwa. Kama kuna neno hutaki lifike kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mwenye nyumba au kwa mwalimu, usiliseme mbele ya mtoto. Yale unayoweza kuyasimamia hadharani kwa adabu, hayo ndiyo mpe.

Tano, mwonyeshe siasa ilipo karibu naye. Mchukue mwenye miaka 12 kwenye mkutano wa mtaa. Asikie mapato na matumizi yakisomwa, aone mzee akinyoosha mkono kuuliza kuhusu taka, mwenyekiti akijibu au akikwepa. Mkirudi, mwombe akueleze nani alijibu swali na nani hakujibu. Siku ya kura mwonyeshe kadi yako ya mpiga kura na mweleze kwamba kura ni siri, hata kwa mume na mke. Akikuuliza umempigia nani, unaweza kumwambia au kukataa. Vyote viwili ni haki yako, na ni vizuri aione haki hiyo ikitumika.

Kwa kila umri kipimo chake

Wa miaka 4 hadi 7 anataka kujua kama yuko salama na kama watu anaowapenda wanaelewana. Mweleze kwamba viongozi huchaguliwa, kwamba watu huchagua tofauti, na kwamba mama wa chumba cha pili bado ni mama yake hata kama fulana yake ina rangi nyingine. Usimvalishe sare ya chama na kumsimamisha kwenye gari la matangazo. Hajui anachokibeba.

Wa miaka 8 hadi 12 anapenda haki. Atauliza kwa nini fulani amepata na fulani amekosa. Huu ndio umri mzuri wa kumpa mifano ya mtaani, kumfundisha tofauti ya habari na uvumi, na kumkataza matusi. Sheria ya nyumba iwe moja: maoni yote yanaruhusiwa, kumtukana mtu hakuruhusiwi.

Kuanzia miaka 13 anatafuta mahali pake pa kusimama. Simu imeingia, na video fupi za wachekeshaji na wanaharakati humfikia kabla ya taarifa ya habari. Angalia naye baadhi ya hizo video. Tafuteni habari moja kwenye vyombo viwili tofauti mlinganishe kilichoachwa. Mwambie wazi kwamba mtu mzima anayempa kijana fedha ili avae fulana, apande lori la mkutano au abebe mawe anamtumia, awe wa chama chochote.

Akija na mawazo yasiyo yako

Siku hiyo itafika. Binti yako wa kidato cha tatu atakwambia chama ulichokihangaikia ujana wako wote hakimfai. Jizuie kusema, "Mimi ndiye ninayekulisha." Chakula ni haki yake, na ukikifanya fimbo atajifunza kwamba mwenye nacho hana haja ya hoja. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa. Lakini hata bila sheria, msikilize kwa sababu ni mwanao.

Mwambie unapokubaliana naye, kisha usipokubaliana na kwa nini. Mweleze ulikotoka: ulikuwa wapi mwaka 1995 au 2015, uliona nini, ulitarajia nini, kipi kilitimia. Vijana huheshimu ushuhuda kuliko amri. Akikudharau au akikutukana, mrudi kwa dharau hiyo na umwambie ni kwa dharau, ili asidhani ameadhibiwa kwa maoni yake. Na kama baba na mama mna vyama tofauti, msigombanie kura ya mtoto. Akiwaona mnatofautiana na bado mnasaidiana kodi na ada, amepata somo ambalo hakuna kampeni itakayompa.

Baada ya Oktoba 29, 2025

Hatuwezi kuzungumza na watoto kuhusu siasa leo tukairuka siku hii. Siku ya uchaguzi mkuu maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, watu wakapoteza maisha, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa jijini na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Watoto wetu walikuwa ndani pamoja nasi. Waliona tunavyofunga milango, walisikia tunavyonong'ona, na wakarudi shuleni wakakuta kila mmoja ana habari yake.

Usimwambie mtoto kwamba hakuna kilichotokea. Anajua kimetokea, na utakuwa umemfundisha asikuulize tena. Mdogo mwambie kwa maneno machache: watu walikosana kuhusu uchaguzi, wengine waliumia na wengine walikufa, hata sisi tuliogopa, na sasa tupo naye. Picha za maiti ziondoe kwenye simu anayoshika. Kama darasani kwake kuna aliyepoteza ndugu, mfundishe kumpa pole bila kumuuliza ndugu huyo alikuwa upande gani.

Mkubwa anahitaji zaidi. Novemba 14, 2025, akilihutubia Bunge, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa pole kwa waliofiwa na kuzungumzia vijana waliokamatwa ambao walikuwa wamefuata mkumbo, akielekeza waangaliwe waachiwe. Zungumza na kijana wako kuhusu mkumbo huo bila kumficha kwamba kukusanyika kwa amani ni haki iliyoandikwa katika Ibara ya 20 ya Katiba. Muulize: ukiitwa na wenzako, nani ameita, mnaenda kudai nini, kwa njia gani, na mambo yakibadilika utarudije nyumbani? Kijana mwenye majibu yake mwenyewe ni vigumu kusukumwa na kundi, na ni vigumu pia kunyamazishwa na woga.

Kwa walimu wetu

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 haikuruhusu vyama kuweka matawi yao shuleni, na ni vizuri ikaheshimiwa na kila upande. Kukataza vyama hakumaanishi kukataza kufikiri. Masomo ya uraia na maadili yakiishia kwenye kukariri ngazi za serikali, watoto watajifunza siasa yao yote uwanjani, kwa mwenzao mwenye sauti kubwa.

Uchaguzi wa viranja ufanyeni uwe uchaguzi. Wagombea waseme watafanya nini kuhusu vyoo, maji ya kunywa na wanaochelewa. Kura ziwe za siri, zihesabiwe mbele ya wote, na aliyeshindwa ampe mkono aliyeshinda. Baada ya muhula mmoja, darasa limuulize kiranja ahadi zake zimefika wapi. Katika midahalo, mpeni mwanafunzi upande asioupenda autetee, kisha mbadilishe. Na neno kama chawa au nyumbu likisikika, mwalimu asicheke wala asichape papo hapo. Aulize: huyu amesema hoja gani, na wewe una jibu gani kwa hoja yake?

Tuanze sasa

Aliyezaliwa Mbagala mapema mwaka 2012, mwaka ule makanisa yalipochomwa, atakuwa na miaka 18 uchaguzi mkuu wa 2030 ukifika. Huenda akapigia kura katika darasa lile lile alilosomea. Muda uliobaki kumwandaa ni mfupi, na wengi wanaotaka kumwandaa hawana mapenzi naye.

Wiki hii chagua jambo moja la mtaani kwako, liwe maji, taka, mtaro au nauli. Kaa na mtoto baada ya chakula, mweleze unavyoliona na kwa nini, kisha muulize yeye analionaje na jirani yenu asiyekubaliana nanyi angesemaje. Msikilize mpaka amalize. Wiki ijayo chagueni jambo lingine. Mtoto aliyezoea hivyo akiambiwa na yeyote, mzazi wake akiwemo, kwamba fulani ni adui, atauliza amefanya nini. Mbagala inahitaji wapiga kura wenye kuuliza swali hilo, na wa kuwalea ni sisi.